Mzimu Hana Umri

Meneja wa studio hakumfukuza. Alimpa kiti, akamwagizia chai, akafunga mlango, na hapo mwanamke akajua kwamba habari ni mbaya, maana katika miaka yote aliyofanya kazi pale hakuwahi kupata kiti na chai kwa siku moja.

"Dada," meneja alisema, "sauti yako imekomaa."

Alilisema neno hilo kama muuza matunda anayelisogeza tunda kando ili lisiwaharibu wenzake.

Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kuwatia wasichana wa kigeni maneno ya Kiswahili mdomoni. Tamthilia zilikuja kutoka nje zikiwa na lugha zao, naye alisimama mbele ya maikrofoni na kuzisemea. Wanafunzi wote waliolia, waliotoroka na waliofeli mitihani kwenye runinga ya mji ule walipita kooni mwake. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na miguu yake ilivimba kila jioni, lakini mtaani walimwita Kigori. Walimwita hivyo kwa kejeli, naye aliitika, kwa sababu hiyo kejeli ndiyo iliyolipa ada ya shule.

Sasa ilikuwa imekuja tamthilia ya bweni la wasichana lenye mzimu. Mzimu huyo alikuwa kijana mzuri wa sura aliyekufa miaka mia tatu iliyopita, na katika wanawake wote waliozaliwa tangu afe, aliyemchagua ni mwanafunzi wa miaka kumi na sita. Vijana waliipenda tamthilia hiyo kuliko masomo yao. Kilichowakera ni kimoja tu, na walipiga simu kituoni kukisema. Yule mwanafunzi, walisema, anaongea kama mama mkwe.

"Una binti, sivyo?" meneja aliuliza, akiitazama chai ambayo si yake.

"Ana miaka kumi na sita. Anasoma."

"Basi. Ndiyo umri wenyewe."

Njiani kurudi nyumbani Kigori alisali. Hakuomba kazi. Alimwomba Mungu aufanye mgumu moyo wa mumewe, ili mumewe akatae na yeye asilazimike kukataa. Ni sala ya ajabu, lakini watu husali sala za ajabu zaidi ya hiyo, na Mungu huzisikia zote.

Alikuwa na sababu ya kutumaini. Mumewe, fundi wa kushona makochi, ndiye aliyekuwa mlinzi wa maadili ya nyumba ile. Kila tamthilia ile ilipoanza, onyo lilitokea kwenye kioo kwamba haifai kwa walio chini ya miaka kumi na minane, na muziki wa kutisha ulipopiga tu, Fundi alimtuma binti jikoni na kufunga mlango. Yeye mwenyewe alibaki kuitazama mpaka mwisho, ili, alisema, ajue anailinda familia dhidi ya kitu gani. Binti aliosha vyombo akiwa ametega sikio, na kwa njia hiyo alijua kila neno bila kuona hata picha moja.

* * *

Fundi alikuwa akifanya kazi na misumari midogo mdomoni, kama wafanyavyo mafundi wa makochi, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Mkewe alipomaliza kueleza, aliitema yote kiganjani. Akauliza kama mtoto atalipwa. Akaambiwa atalipwa, na mama yake atabaki kama msaidizi wake.

Akafikiri. Karakana yake, ambayo ilikuwa ni chumba cha mbele cha nyumba, ilikuwa na fremu mbili za makochi zilizokaa uchi tangu mvua zilizopita. Watu siku hizi walinunua viti vya plastiki, na kiti cha plastiki hakijui fundi.

"Kusema si kutazama," alisema mwishowe. "Wameandika isitazamwe. Hawakuandika isisemwe."

"Baba, huyu ni mtoto. Maneno yenyewe ni ya mapenzi."

"Hata wewe umekuwa mtoto miaka yote hii, na nimekuoa na nimekula kwa huo utoto wako. Nani kadhurika?"

Binti, aliyekuwa nyuma ya pazia, alitoka akiruka. Ilikuwa ni furaha safi ya mtoto, ya kusikika na mji mzima, na mama alipoiona aliacha kubisha. Usiku huo alimpa Mungu sababu zote alizopewa na mumewe. Hazikusikika vizuri zilipotoka mdomoni mwake, lakini alizimaliza.

* * *

Kituo cha runinga kiliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kamati ya maadili. Kamati ilipopata habari kwamba mtoto wa miaka kumi na sita atasemea tamthilia asiyoruhusiwa kuiona, mwenyekiti wake alikuja studio mwenyewe. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa suti moja na kalamu mbili. Alikaribishwa soda, akaketi, akaliangalia suala hilo kwa uzito wake.

Kabla soda haijaisha alikuwa amepata ufumbuzi. Binti atasimama akikipa kioo mgongo. Mama atasimama nyuma yake, macho kwenye picha, na midomo ya mwanafunzi wa bweni ikifunguka, atapeleka mkono nyuma amgonge binti begani, naye aanze kusema. Midomo ikifumba, atamgonga mara mbili, naye anyamaze. Kwa hiyo mtoto atasema bila kuona, na sheria itakuwa haijaguswa hata kwa ncha ya kidole.

Meneja alisema hajawahi kusikia hekima kama hiyo. Pengine ilikuwa kweli.

Mwenyekiti aliongeza jambo moja. Neno "mpenzi" liondolewe kote, na mahali pake pawekwe "kaka" na "dada". Meneja alikohoa, akasema kwa unyenyekevu kwamba picha zenyewe hazikatwi, mkataba hauruhusu, na katika sehemu ya kumi hawa kaka na dada watabusiana.

"Ndugu pia hubusiana," mwenyekiti alisema. "Inategemea nia."

Basi ikawa hivyo. Mzimu wa miaka mia tatu, aliyevuka kaburi kwa ajili ya mapenzi, akaanza kumwambia mwanafunzi kwamba anampenda kama dada, na kumshika kiuno. Kaya nyingi zilitazama sehemu hizo kimya kimya, kila mmoja akisubiri mwingine aseme kitu.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kama kabati, kuta zimezibwa kwa magodoro ya zamani ili kelele za barabarani zisiingie. Maikrofoni zilikuwa mbili, ila moja ilikuwa mbovu. Kioo kilikuwa ukutani upande mmoja. Aliyekipa kioo mgongo, basi, alitazamana na aliyekitazama kioo, na kati yao palibaki maikrofoni na nafasi ya kupitisha kitabu.

Aliyetazamana na binti alikuwa ndiye sauti ya mzimu. Wote pale studio walimwita Mzimu. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kichwa kimeng'aa, tumbo limetangulia, watoto wake watatu wakubwa, mmoja ameshaolewa. Sauti yake ilikuwa nzuri mno. Ukifumba macho ulimwona kijana wa miaka ishirini, na alitaka sana watu wafumbe macho.

Kigori alikwenda kuomba maikrofoni ya pili itengenezwe. Akaambiwa bajeti hairuhusu. Akasema basi angalau mtoto asemeshwe na mtu wa rika lake, maana yule ni mkubwa kuliko hata baba yake.

Meneja alicheka. "Dada, hata wewe? Mzimu hana umri."

* * *

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Binti alikuwa hodari. Alipogongwa begani sauti ilimtoka ikiwa mbichi na safi, na wapiga simu wakasema sasa ndiyo wanamsikia mwanafunzi. Fundi alipata wateja wawili waliokuja kumwona baba wa sauti na wakaishia kuacha viti vyao. Kwa kila mteja Fundi alieleza kwamba binti yake hajaiona tamthilia hiyo hata mara moja, na kwamba katika nyumba yake haitazamwi ovyo.

Mzimu alimletea binti biskuti. Akamwambia asimwite mzee, mambo ya mzee yatawaharibia hisia, amwite kaka, kama ilivyo kwenye karatasi. Akaomba namba yake ya simu kwa ajili ya mazoezi. Kigori alisema mtoto hana simu. Binti alikuwa nayo mfukoni, na kwa mara ya kwanza maishani alifurahi mama yake aliposema uongo.

Kisha binti akaanza kunyamaza. Aliamka kwa kuchelewa siku za kurekodi. Alivaa koti kubwa la baba yake, kwenye joto lile, akasema studio kuna baridi. Studio haikuwa na baridi, haikuwa hata na feni.

"Mama," alisema siku moja wakiwa wanatembea kurudi nyumbani, na alisema akiitazama barabara, "taa nyekundu ikiwaka ananishika mkono. Anasema inaleta hisia. Hauachii mpaka taa izime. Na akisema maneno yake hasomi kwenye karatasi. Ananitazama mimi."

Mama alisimama.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Mbona mimi nipo hapo hapo na sijaona?"

"Utaonaje? Wewe unatazama picha."

Hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki, asiweze kulimeza wala kulitema. Watu watatu kwenye kabati lile, na aliyewekwa kumlinda mtoto ndiye peke yake aliyekatazwa kugeuza macho.

Alikwenda kwa meneja, akaambiwa kwamba yule ni msanii, na msanii huongea mpaka kwa mikono. Akatoka hapo akaenda kwa mwenyekiti wa kamati, ambaye alimpokea vizuri na kumsikiliza mpaka mwisho huku kalamu moja ikiandika na nyingine ikisubiri. Alipomaliza, mwenyekiti aliuliza swali moja. Je, katika muda wote huo binti amewahi kugeuka akaiona picha?

"Hajawahi, mwalimu."

"Hata kwa jicho moja?"

"Hata kwa jicho moja."

"Basi mshukuru Mungu, mama. Wangapi leo wana watoto wa namna hiyo?"

Nyumbani, Fundi alisikiliza akiwa na misumari mdomoni na hakuitema. Alisema kwa pembe ya mdomo kwamba sehemu zilizobaki ni chache, kwamba kitambaa cha wateja wapya kimeshanunuliwa, kwamba kumshika mtu mkono si kumuua. Baada ya hapo akapiga nyundo bila kupumzika, hata mahali ambapo msumari ulikuwa umekwisha zama.

* * *

Siku ya sehemu ya kumi mwenyekiti alikuja kushuhudia. Alikaa upande wa pili wa dirisha la kioo, karibu na meneja na fundi mitambo, kalamu zote mbili tayari. Alikuwa amesikia kuhusu busu na alitaka kuhakikisha kwamba binti hataliona.

Kigori alikuwa amesali asubuhi, na sala ilikuwa fupi. Alimwambia Mungu kwamba sababu zimemwishia.

Taa nyekundu ikawaka. Kwenye kioo, kijana aliyekufa miaka mia tatu iliyopita alimsogelea mwanafunzi penye ngazi za bweni, upepo ukivuma, mishumaa ikizimika mmoja mmoja. Mzimu akasema kwa ile sauti yake ya asali, "Dada yangu, nimelala kaburini nikikusubiri uzaliwe." Begani pigo moja, na binti akajibu kwamba naye alikuwa akimsubiri bila kujua. Meneja akasimamisha. Alitaka pumzi, alisema kupitia spika. Watu wakikaribia kubusiana wana pumzi yake, na huyu mtoto anapumua kama anasubiri sindano.

"Amekakamaa," Mzimu alisema. "Niacheni nimsaidie. Nikimkaribia itatoka yenyewe." Akalisogeza tumbo lake upande wa pili wa maikrofoni, na mkono akaushika kabla taa haijawaka.

Binti alirudi nyuma nusu hatua. Nyuma ya dirisha mwenyekiti alisimama haraka na kuashiria kwa kalamu, kwa wasiwasi mkubwa, kwamba mtoto karibu ageuke kwenye picha.

Taa ikawaka tena. Ngazi, upepo, mishumaa. Mzimu akasema yake. Midomo ya mwanafunzi ikafunguka kwenye kioo na bega la binti halikugongwa, kwa sababu mama yake alikuwa hatazami kioo. Alikuwa anautazama mkono. Ulikuwa mkono mnene wenye pete ya ndoa, umeufunika wote wa mtoto kuanzia vidole mpaka kifundo.

Aliinama kwenye sikio la binti.

"Msalimie," alisema polepole.

Binti hakuelewa.

"Huyo mbele yako. Msalimie mtu mzima kama ulivyolelewa."

Binti aliinua kidevu. Kwa mara ya kwanza tangu wiki ya kwanza alimtazama mtu yule usoni, akapiga goti kidogo kama apigavyo kwa wazee wote wa mtaa, na kwa sauti safi iliyopendwa na wapiga simu wote akasema kwenye maikrofoni, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzimu.

Ilimtoka. Mtu anaweza kuchelewa kujibu swali, anaweza kukataa kujibu tusi, lakini amkio hilo hulikuta jibu lake limekaa mlangoni na viatu limevaa. Aliitika kwa sauti yake mwenyewe, ya baba wa watoto watatu, nzito na yenye kikohozi kidogo mwishoni. Akaisikia. Akautazama mkono wake kana kwamba mtu mwingine kauweka pale, kisha akauondoa, akauingiza mfukoni.

Upande wa pili wa dirisha fundi mitambo alicheka mpaka akainamia vifaa vyake. Mwenyekiti, ambaye kwa miaka mingi alisalimiwa na madarasa mazima, alikuwa naye ameitika marahaba.

Meneja aliwasha spika, akaamuru warudie. Kigori alikuwa tayari ameshika kitasa.

"Hakuna cha kurudia," alisema. "Mwenyewe kamwita 'mwanangu', na mmerekodi."

Meneja alimwambia kwamba akivuka mlango ule asirudi, yeye wala binti yake, na kwamba sauti kama zao ziko tele barabarani. Alisema mengi, na mengine hayafai kwa walio chini ya miaka kumi na minane. Walipogeuka kutoka, binti alikiona kioo kwa mara ya kwanza. Kijana aliyepakwa unga usoni alikuwa amemwegemea msichana, pua zao zimegongana.

"Kumbe ni hiki tu?" binti aliuliza.

Mwenyekiti aliandika hilo. Kwamba ameona.

* * *

Fundi alipoambiwa, safari hii aliitema misumari. Aliuliza ni mkono gani ulioshikwa, akaonyeshwa. Aliutazama muda mrefu, akasema atakwenda kumvunja mtu meno. Akavaa shati, akafika mlangoni, akavua shati. Baadaye binti alimkuta karakanani ameketi kwenye fremu ya kochi isiyo na kitambaa, akisema peke yake kwamba yeye alisema kusema si kutazama, hakusema kushikwa. Binti alimletea maji. Aliyaweka sakafuni akarudi ndani, na hilo lilimuuma baba kuliko kama angemlaumu.

Kigori alianza kufua nguo za watu. Mikono iliuma upesi, sauti ilipumzika, na watoto wa mtaa, ambao hawana huruma, walimuuliza mizimu inafuliwa kwa sabuni gani. Aliwajibu kwamba inategemea imekufa lini.

Jioni moja alikuwa akikunja nguo za watu, runinga ya jirani ikaanza ule muziki wa kutisha. Ukuta ulikuwa mwembamba. Fundi hakumtuma binti jikoni, alikaza tu kushona. Wakasikiliza wote watatu bila kukubali kwamba wanasikiliza. Mzimu akasema, kwa sauti ya asali, kwamba amemkosa sana dada yake. Mwanafunzi wa bweni akajibu.

Ilikuwa sauti nyembamba sana, yenye mkwaruzo wa mtoto ambaye koo lake halijakaa sawa. Kigori alikuwa amefanya kazi ya sauti maisha yake yote. Hakuhitaji kuambiwa. Hata miaka kumi na minne hajafika, alijisemea, na akaiweka nguo chini.

Kwa jirani walikuwa wanasifu. Mwanamke mmoja alisema huyu sasa ndiye, huyu anasikika mtoto kabisa.

Kigori alianza kutafuta viatu vyake.

"Unakwenda wapi?" Fundi aliuliza. "Ile kazi si yako tena."

"Huyo mtoto ana mama. Nakwenda kuuliza ni wa nani."

"Ukishampata umwambie nini? Mimi uliniambia, na mwenyekiti ukamwambia."

Alisimama na kiatu kimoja mguuni, na midomo yake ilisogea kama ya mtu anayeomba. Binti alikuwa ameinuka. Alilivua koti la baba yake, akalitundika, akachukua viatu vyake mwenyewe kutoka chini ya meza.

"Nitamwambia mimi," alisema. "Mama ataeleza nini? Yeye alikuwa anatazama picha. Aliyesimama uso kwa uso na yule mzee ni mimi."

Akaketi kufunga kamba, na mama yake akamngoja mlangoni.